Mliowaona Soundgarden, Nirvana na Pearl Jam jukwaani miaka ya 90: mlisikia nini?

KoronaYaMuheza:

Wakuu, salaam nyingi kutoka Kent, kusini kidogo ya Seattle. Swali langu ni fupi ila limebeba mzigo, naomba mnivumilie nieleze lilikotoka.

Binti yangu ana miaka 17. Juzi tulikuwa tunapanga makasha gerejini, akaokota kipande cha tiketi kilichofubaa: Paramount Theatre, 6 Machi 1992, onyesho la Soundgarden, bendi ya roki ya hapa Seattle. Muziki wao anaujua, anao wote kwenye simu na anaupenda. Akakigeuzageuza kile kipande, kisha akaniuliza: "Baba, wewe mtoto wa mkonge kutoka Tanga, ulikuwa unasikia nini kwenye kelele zile?" Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua. Nikafungua mdomo, nikakosa la kusema. Siku ya nne leo natembea na swali hilo, kazini nalo, kitandani nalo.

Nilifika Seattle Agosti 1991, nina miaka 20, nimekuja chuo. Jioni nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja mtaa wa Belltown kwa dola 4.25 kwa saa, ndicho kima cha chini cha jimbo la Washington wakati ule. Mpishi alikuwa kijana wa rika langu kutoka Aberdeen, mji mdogo wa mbao kule upande wa bahari, ndiko alikozaliwa Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana. Baba yake alikuwa mkata magogo, na kazi za mbao zilikuwa zinakauka mji mzima. Aliponisimulia hayo sikuhitaji maelezo. Baba yangu mimi alikuwa fundi kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza. Katikati ya miaka ya 60 nchi yetu ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Nilipopata akili zangu, kamba za nailoni zilishatawala, mashamba yanageuka vichaka, na wazee wanakaa barazani wakingojea mishahara ambayo haiji. Mimi na yule mpishi tulikuwa watoto wa miji miwili iliyopatwa na jambo moja.

Juu ya friji alikuwa na redio kaseti, na kuanzia Oktoba ile kanda ilikuwa ni moja tu, Nevermind ya Nirvana. Mimi nilikuwa mtu wa Michael Jackson damudamu. Januari 1992 Nevermind ilipomtoa Michael namba moja kwenye chati ya Billboard, mpishi alishangilia akipiga sufuria kwa mwiko, nami nikanuna nikaosha sahani bila kumsemesha mpaka tukafunga. Niliona kama wamemkosea heshima mtu wa kwetu.

Alikuja kunipatanisha na muziki wake miezi miwili baadaye. Alinunua tiketi mbili za Soundgarden, akasema hii moja ni yako, usipokuja inakwenda bure. Paramount ni jumba la mwaka 1928, dari lake limenakshiwa kwa dhahabu, linaingiza watu karibu 3,000. Tulisimama chini, si mbali na jukwaa.

Sasa hapa kwanza niwaeleze korona, maana vijana wengi mkisikia neno hilo mnafikiria ugonjwa. Kwetu korona ni mashine ya kukamua mkonge. Majani yanaingia mabichi upande huu, yanapondwa na gurudumu kubwa lenye visu butu, maji ya kijani yanatiririka na harufu yake kali, na upande wa pili zinatoka singa, nyeupe zenye uchanga wa kijani, zinakwenda kuanikwa. Sauti yake ni ya chini, nzito, inakwaruza. Inakuingia nyayoni kwanza, inapanda na mifupa, masikio yanapata habari mwisho. Tulilala nayo na kuamka nayo. Ikinyamaza katikati ya mchana, kina mama walikuwa wanaacha vyungu jikoni wanatoka nje kuulizana kulikoni.

Taa zikazimwa Paramount. Kim Thayil, mpiga gitaa wao, akapiga uzi wa chini wa gitaa lake, na mimi nikaisikia korona. Nasema nikaisikia. Ilianzia kwenye zulia, ikaingia nyayoni, ikapanda magotini. Shamba la baba lilikuwa limeshanyamaza miaka minne, na sikutegemea kuisikia tena sauti ile maishani, seuze mjini kwa watu, kwenye jumba la dhahabu, mikononi mwa mtu mwenye asili ya Kihindi na ndevu nyeusi anayefanana na majirani zetu wa Tanga mjini. (Wazazi wake wanatoka Kerala. Hilo nililijua baadaye.) Chris Cornell akaanza kuimba juu ya ile sauti, kwa koo ambalo sijalisikia tena kwa binadamu mwingine, na machozi yakanitoka. Mpishi aliniangalia, akanishika bega, akageuka akaendelea kutazama mbele.

Hapo ndipo nilipoingia, na sikutoka. Septemba 20 mwaka huohuo Pearl Jam walipiga bure Magnuson Park, kando ya Ziwa Washington, watu kama 30,000. Walikuwa wametaka kufanya Mei kwenye bustani nyingine, mji ukawakatalia, wakahamishia pale. Palikuwa na meza za kuandikisha vijana kupiga kura, wakapiga kwanza makundi ya Seaweed na Cypress Hill, kisha Pearl Jam wenyewe. Kule mbele kwenye msukumano nilianguka. Mguu wa kulia uliteleza kwenye nyasi, kiatu kikabaki, nikawa chini kabisa, juu yangu naona magoti tu na mbingu kidogo kama sarafu. Nikasema leo ndio leo. Mara mikono ikaja. Mmoja ulinishika mkanda wa suruali, miwili kwapani, mwingine ukaninyanyua kwa shati, nikasimamishwa kama mtoto anayefundishwa kutembea. Sikuona sura hata moja. Na wimbo ulipokwisha, hatua kumi hivi kutoka nilipo, mtu alikuwa amenyoosha mkono juu ameshika kiatu changu, anakizungusha taratibu ili mwenyewe akione.

Kile kiatu kilikuwa cha mtumba, nilikinunua dola mbili kwenye duka la kanisa. Kikapita mkono kwa mkono, juu ya vichwa, mpaka kwangu.

Basi, swali. Mliokuwepo enzi zile, popote pale, mlisikia nini au mliona nini ambacho rekodi haiwezi kumfikishia mtoto wa leo? Siombi orodha ya nyimbo, zipo zote mtandaoni. Naomba kile ambacho hakikurekodiwa.

BintiMalindi_London:

Waalaykum salaam kaka Korona. Umenirudisha mbali. Mie nilikuwa Reading, Uingereza, Jumapili ya tarehe 30 Agosti 1992, siku Nirvana walipofunga tamasha. Nilikuwa na miaka 19, nakaa kwa khalati yangu London. Kwetu Unguja nilizoea taarab na ngoma za harusi, lakini dukani nilikofanya kazi kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa na kanda za bendi za kike, L7 na wenziwe, na yeye ndiye aliyenichukua. Tulipanda treni Paddington asubuhi. Nilibeba kanga moja ya mama, nikijua nitaitandika nikae.

Kukaa wapi! Mvua ilikuwa imenyesha mpaka uwanja umekuwa tope la kubandika ukuta. Watu wakawa wanafinyanga madonge wanayarusha jukwaani. L7 walirushiwa, na wale wasichana wakapiga hivyo hivyo, tope gitaani, tope nyweleni, hawakushuka. Kanga niliitia kichwani kisha nikaifunga kiunoni, na doa lake lipo mpaka leo, sabuni zote zimeshindwa.

Siku nzima palikuwa na uvumi kuwa Nirvana hawaji, Kurt mgonjwa, bendi imekufa. Usiku akatokezwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa kanzu nyeupe ya hospitali na nywele za bandia. Wengine walielewa pale pale kuwa anawajibu wazushi. Mie sikuelewa. Nilimwona mtu mgonjwa anasukumwa, moyo ukanipasuka. Akainuka kwa taabu, akaimba maneno mawili matatu, akaanguka chali. Kisha akasimama, akavaa gitaa, wakaanza wimbo wa Breed, na ule uwanja ukaruka wote kwa pamoja. Filamu yake ipo, mnaweza kuitazama.

Kisichoonekana kwenye filamu ni hiki, kaka. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike tarehe 18 mwezi ule. Siku kumi na mbili! Hata arubaini bado mbichi. Na magazeti yalikuwa yanamsema vibaya mno, mzazi kitandani anasemwa na dunia. Kurt akatwambia kuwa mkewe anadhani watu wote wanamchukia, akatuomba tumwambie kuwa tunampenda. Mimi nilikulia nyumba ambayo mzazi akiwa ndani, hata mlango haugongwi kwa nguvu. Analetewa uji wa pilipili manga, anakandwa, hasemwi, hakasirishwi. Nikafikiri, huyu kijana yuko mbele ya watu elfu kwa elfu na akili yake iko chumbani kwa mzazi.

Tukasema. Kwenye filamu inasikika kelele moja ya umati. Mie nilikuwa katikati yake: kushoto kwangu mwanamme mkubwa, mikono michoro mitupu, aliyekuwa akirusha tope mchana kutwa, aliyatamka maneno yale polepole kama anajibu dua. Hiyo ndiyo niliyoisikia. Mwambie binti yako.

Gitaa_Likoni:

Shikamooni wazee wangu. Mimi nimezaliwa 1999, niko Likoni, napiga gitaa na wenzangu wawili kwenye chumba nyuma ya gereji ya mjomba. Nyimbo hizi tunazipiga, lakini hiyo sauti ya nyayoni mzee Korona anayoisema hatuipati. Tumeongeza sauti ya spika mpaka majirani wamekuja mara mbili, bado. Tunakosea wapi? Na je, ni kweli mlikuwa mnaweza kuwaona kwa hela ya kawaida? Siku hizi nikiona bei za tiketi za bendi hizohizo naona ni za watu wengine, si sisi.

KoronaYaMuheza:

Marahaba mwanangu wa Likoni. Dada Binti Malindi, ahsante. Neno la arubaini limenigusa, na binti yangu nimemsomea. Alikuwa hajui arubaini ni nini, tumekaa nusu saa tukizungumzia bibi yake.

Mwanangu, tatizo si sauti kubwa. Lile nililolisikia Paramount lilikuwa ni uzi. Chukua uzi mnene kabisa, ule wa E, uulegeze mpaka ushuke D, nyuzi nyingine tano usiziguse. Sasa nyuzi tatu nene unazibana kwa kidole kimoja na unapata mlio mzito unaosogea kama lori. Nyimbo nyingi za Soundgarden zimejengwa hapo. Kim Thayil amesimulia kwamba aliyemfungulia macho kuhusu huo mtindo ni Buzz Osborne wa bendi ya Melvins, na Melvins chimbuko lao ni Montesano, jirani kabisa na Aberdeen. Kwa hiyo mlio ule ulishuka kutoka kulekule kwenye mbao, na mpishi wangu alijivunia sana jambo hilo. Ukitaka ule mkwaruzo, tafuta pedali ya aina ya fuzz. Mudhoney, bendi nyingine ya Seattle, walizipenda pedali zao mbili mpaka wakaziita jina la rekodi yao ya mwaka 1988, Superfuzz Bigmuff.

Lakini jambo la pili ni kubwa kuliko la uzi. Ni kunyamaza. Nilimwona Kurt ana kwa ana mara moja tu, tarehe 8 Januari 1994, Seattle Center Arena. Ndio ulikuwa usiku wao wa mwisho kupiga Marekani, ila hakuna aliyejua. Jukwaani walisimamisha sanamu mbili za malaika wenye mabawa, ngozi hazina, nyama na mishipa iko wazi kama picha za kitabu cha baiolojia. Kwenye beti alikuwa anapiga taratibu, uzi mmoja mmoja, besi ya Krist Novoselic inatembea chini yake, na ukumbi mzima unatulia mpaka nasikia mtu nyuma yangu anavuta makamasi. Halafu Dave Grohl, mpiga ngoma wao, anagonga zile pigo zake, na kila kitu kinaingia kwa mkupuo. Kishindo kile kilikuwa kikubwa kwa sababu sekunde moja nyuma ulikuwa unasikia pumzi yako mwenyewe. Kwenye simu binti yangu hapati hilo, kwa sababu simu inazisawazisha zote mbili, ya chini na ya juu, zinakuwa karibu kimo kimoja. Nyie hapo nyuma ya gereji jaribuni kwanza kupiga kwa sauti ndogo mpaka majirani wafikiri mmekwenda nyumbani.

Kuhusu hela. Mwaka 1994 Pearl Jam waligombana na Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, kwa ajili ya jambo hilohilo. Walitaka tiketi isizidi dola 20 pamoja na ada, wakapeleka malalamiko Wizara ya Sheria, na tarehe 30 Juni Stone Gossard na Jeff Ament wa bendi hiyo wakakaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani wakiwa na nguo zao za kawaida kueleza. Mwaka uliofuata wizara ikafunga uchunguzi na bendi haikupata ilichotaka. Watu wengi waliwaona wamepoteza muda. Mimi nilikuwa naosha vyombo, kima cha chini kimeshapanda hadi dola 4.90. Tiketi ya dola 20 ni saa nne na dakika chache za sinki. Nilifanya hesabu hiyo kila mara, kwa saa za sinki, na sijawahi kusahau kwamba kuna watu waliosimama mbele ya wabunge kwa ajili ya saa zangu.

Kivu_Odense:

Jambo kwenu wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, nimeishi Denmark tangu mwisho wa miaka ya 90. Ndugu Korona, nimesoma habari ya kuanguka kwako na mikono iliyokuinua, nimekaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kuandika.

Nilikuwa kwenye tamasha la Roskilde, hukuhuku Denmark, tarehe 30 Juni 2000. Nilikuwa mgeni bado, Kidenishi changu cha shida, na vijana tuliokaa nao bweni moja walinialika. Tulipanda treni kutoka Odense, mvua ilikuwa inanyesha. Pearl Jam walipiga usiku jukwaa kubwa, lile la hema la rangi ya chungwa. Sisi tulisimama nyuma, karibu na vibanda vya chakula, maana mwenzetu mmoja alikuwa na homa. Mvua, upepo, tope.

Nilichosikia mimi ni muziki kukatika. Eddie Vedder, mwimbaji wao, aliomba watu warudi nyuma hatua tatu. Hatua tatu. Kule nyuma tulipokuwa tukarudi, tukidhani ni kwa sababu ya kusukumana tu. Watu wengine walikuwa bado wanacheka. Kisha tukaona wanatolewa watu juu ya uzio, na yeye jukwaani uso wake ukabadilika, na hapo pakawa kimya ambacho sijui nikifananishe na nini. Vijana tisa walipoteza maisha kwa yaliyotokea pale mbele, walianguka kwenye tope na umati ukawa juu yao. Siku zilizofuata bendi za Oasis na Pet Shop Boys walikataa kupanda jukwaani, tamasha likaendelea bila wao.

Ninakueleza hili kwa sababu pale mbele mikono ilikuwepo pia. Nilizungumza baadaye na kijana mmoja aliyekuwa mstari wa tano au wa sita. Alimshika mtu mkono, akavuta kwa nguvu zake zote, na uzito uliokuwa juu ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Alinionyesha kiganja chake wakati anasema, kama vile mkono ule bado umo. Wala si kwamba watu wa Roskilde walikuwa wabaya kuliko wa Seattle. Watu walikuwa wengi mno sehemu moja, ardhi inateleza, na aliye nyuma hajui yaliyo mbele. Baadaye wakabadilisha uwanja: sehemu ya mbele ya jukwaa wakaizungushia uzio na kuigawa, wanaingia watu kwa idadi. Nimekwenda tena mara nyingi. Kuna mahali pa kumbukumbu, jiwe na miti tisa. Kila mwaka ninapita pale kwanza, kabla ya muziki.

Binti yako akitaka kwenda mbele, usimkataze. Mfundishe kukunja mikono mbele ya kifua apate nafasi ya kupumua, na akiona mtu ameanguka apige kelele kwenda nyuma, si kwenda jukwaani. Jukwaani hawasikii.

KoronaYaMuheza:

Ndugu wa Bukavu, pole sana. Nimesoma mara tatu. Nilijua habari ya Roskilde kwa magazeti, sikuwahi kuijua kwa mtu. Hiyo ya kupiga kelele kwenda nyuma nimeiandika kwenye karatasi, nimeibandika kwenye mlango wa friji.

Umenifanya nikumbuke umati mwingine, nami niusimulie hapa kwa sababu uko karibu na jibu ninalolitafuta.

Kurt alikutwa amefariki tarehe 8 Aprili 1994. Jumapili ya tarehe 10 tulikwenda Seattle Center kumwomboleza, maelfu ya watu. Mimi nilikwenda na mpishi, tumefunga jiko mapema bila ruhusa. Kwetu msiba una utaratibu wake: unajua nani anapika, nani anatandika jamvi, nani anapokea rambirambi. Pale hapakuwa na utaratibu wowote, watoto wa miaka 15 na 16 wamesimama na mashati ya flana hawajui mikono yao waiweke wapi. Walizungumza washauri wa simu za msaada, wakawaomba vijana wasikae na huzuni peke yao. Kisha ikapigwa kanda ya mjane akisoma barua aliyoiacha marehemu, anasoma analia, anagombana naye katikati ya kusoma. Niliwahi kusikia wajane wa kwetu wakigombana na marehemu hivyohivyo, mbele ya jeneza. Nilimtambua.

Halafu vijana wakaanza kupanda kwenye chemchemi kubwa iliyopo pale katikati. Maji ya Aprili, baridi ya kuuma. Wakaingia na nguo zao, wanaimba. Walinzi waliwatazama wakawaacha. Yule mpishi wangu hakuwa mtu wa kulia; alivua viatu, akavipanga vizuri ukingoni kama mtu anayeingia msikitini, akaingia majini. Nikavishika mimi. Nikasimama na viatu vya mtu mkononi mpaka alipotoka, midomo imekuwa ya bluu.

Alirudi Aberdeen mwaka uliofuata, na tulipotezana. Hata akipita hapa, Kiswahili hakijui, basi.

Mei 2024 nilimpeleka binti yangu kuwaona Pearl Jam. Walipiga usiku wa tarehe 28 na wa 30 Climate Pledge Arena, na ukumbi huo uko palepale Seattle Center. Ule wa Januari 1994 nilikomwona Kurt ulishabomolewa. Tulikaa kwenye viti, juu, upande wa kulia. Bei ya tiketi nisiitaje, ila hesabu ya saa za sinki niliifanya kichwani kama kawaida. Matt Cameron, yule mpiga ngoma niliyemwona na Soundgarden Paramount, alikuwa nyuma ya ngoma. Muziki ulikuwa mzuri sana. Nyayoni haukufika, tulikuwa juu mno.

Tulipotoka tukapita kwenye chemchemi. Ilikuwa inarusha maji na taa. Sikumwambia lolote usiku ule. Jana ndio nimemwambia yote, la Paramount, la kiatu, la mpishi ndani ya maji, na nikamsomea ya kwenu. Alinyamaza, kisha akaniuliza korona inasikikaje hasa. Mtandaoni tukapata video ya shamba moja la Tanga ambako mashine bado inasaga. Nikamwambia kwenye simu haitoshi, akachukua spika ya besi kutoka chumbani kwake, akailaza sakafuni kifudifudi, akavua soksi, akasimama pembeni yake.

Mwanangu wa Likoni, mkipata huo uzi wa D tuwekee hapa tusikie. Ndugu wa Bukavu na Binti Malindi, msiondoke, bado yeye ana maswali yake na atayaandika mwenyewe kesho akitoka shule. Kiswahili chake kina makosa kidogo, mtamsahihisha.